Samaki Niliyemlisha Bi Hana

Kemunto,

Sitakuuliza hujambo. Nimekuona asubuhi ukishuka ngazi huku unaimba, viatu mkononi, na kwa mtu ambaye hajafunga hata sanduku moja ulikuwa hujambo kupita kiasi. Umesema unakwenda Shaw, kule Washington, kuagana na wenzako, utarudi saa mbili usiku. Nikakuambia nguo zako zimelala kitandani kama watu waliozimia. Ukanijibu, "Mum, relax, nitapack jioni." Haya, pack jioni. Mimi nina jambo langu, na nimeamua kuliandika badala ya kulisema, kwa sababu nikilisema utanikatiza kwa kunionea huruma, na huruma yako hunichosha kuliko huu moyo wenyewe unaoniua.

Mambo ya koti, ya dawa ya kifua, ya kutomfungulia mlango mtu usiyemjua, sitayagusa. Kaka yako Ombati ameshakuambia mara tatu kwa simu kutoka Falls Church, na kesho akishanihamishia kwake ataniambia mimi mara ya nne, kana kwamba ni mimi ninayesafiri. Una miaka ishirini na tano. Kama hujui baridi ya Chicago huvaliwa nini, Chicago itakufundisha.

Nataka kukuandikia habari za samaki.

Najua. Naona unavyogeuza macho. Lakini wiki nzima hii ni wewe uliyekuwa ukinisumbua na samaki. Umepata kazi ya kupanga vyakula katika nyumba ya wazee wa Kiyahudi huko Chicago, wamekutumia kitabu cha sheria za jikoni mwao, nawe umekuwa ukinisomea kwa sauti nikiwa nimejilaza kwenye kochi, huku nakuitikia "ehe" na "mm", ukidhani nasinzia. Jumanne ukafika kwenye ukurasa wa samaki bapa, wale waliolala ubavu mmoja na macho yote mawili juu, ambao watu wa pwani yetu huwaita gayogayo. Ukasoma: flounder anaruhusiwa, sole anaruhusiwa, halibut anaruhusiwa, turbot haruhusiwi. Ukainua kichwa.

"Mum, si wote ni flat tu? Huyu turbot amekosa nini?"

Nikakwambia sikumbuki.

"Umewapikia kina Bi Hana miaka sita na hukumbuki?"

Nikakwambia niache nipumzike. Ukaendelea kusoma, na mistari michache mbele ukafika mahali paliposema kwamba chombo kilichopikiwa kitu kisichoruhusiwa nacho huwa hakifai, mpaka kisafishwe kwa namna yao. Cha chuma huchemshwa, cha udongo au kauri hakina dawa. Nikakuambia urudie. Ukacheka, "Kumbe unasikiliza." Ukarudia. Nikainuka, nikaenda msalani, nikakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea mpaka ukagonga mlango. Nilikuambia ni tumbo. Halikuwa tumbo.

Sasa nianzie mbali kidogo, maana usipoijua tabia hii yangu tangu mwanzo utadhani ni jambo lililonipata kwa ajali.

Unajua nilikuwa mwalimu wa bayolojia kule Gusii kabla hamjazaliwa, katika shule ya bweni ya watu wetu washika Sabato. Unajua pia sisi tunaifuata ile sura ya Walawi: mwenye mapezi na magamba, kula, asiye navyo, mwache. Kambare hatuli. Ngege tunakula. Mwaka mmoja mpishi wa shule, mtu wa kutoka ziwani, aliletewa kamongo wengi kwa bei nafuu, na pakazuka ubishi. Kamongo ukimtazama ni kama nyoka mnene, anateleza, huoni gamba. Mchungaji wa shule akasema haliwi. Mimi, binti wa miaka ishirini na sita mwenye shahada, nikakata kipande cha ngozi yake, nikakiweka chini ya hadubini, nikamwita mchungaji aje aone kwamba magamba yamo, madogo, yamezama ndani ya ngozi. Aliinama, akafunga jicho moja, akatazama muda mrefu. Kisha akasema, "Nimeyaona, mwalimu. Lakini aliyepewa sheria hii hakuwa na hadubini."

Wanafunzi walicheka kwa wiki mbili. Mimi nilikasirika kwa miaka. Nilimwona mtu wa giza. Ilinichukua mpaka uzee kuelewa kwamba hakubisha na sayansi yangu hata kidogo. Aliniuliza tu swali jingine, ambalo sikulisikia: hii sheria ni ya nani, na wenyewe huiishi vipi?

Sasa Bi Hana. Ulimjua, ulikuwa ukitoka shule unapanda basi mpaka kwake Silver Spring, unafanya hesabu zako kwenye meza ya jikoni. Lakini ulimjua kama bibi wa biskuti. Hukumjua kama mwajiri, na nakuhakikishia alikuwa mtihani.

Siku ya kwanza aliniuliza nilikuwa nafanya nini kwetu. Nikasema nilikuwa mwalimu. Akauliza kwa lugha yetu mwalimu huitwaje, na tangu siku hiyo hakuniita jina langu tena. "Mwalimu, supu." "Mwalimu, hizo si sahani za maziwa, umezipata wapi." Nilipomwambia kwamba nami Ijumaa jua likizama naacha kazi, alipiga meza kwa furaha. "Basi wewe na mimi ndio watu wawili tu katika Maryland tunaoijua Jumamosi." Tukacheka. Na hapo ndipo kosa langu lilipopata mlango. Nilijiambia: sheria yao naijua, ni ile ile yetu, nimeisoma tangu utotoni, wao wameiongezea tu mikia.

Na mikia ilikuwa mingi, Kemunto. Sahani za maziwa mbali, za nyama mbali. Moto wa jiko nilikuwa siuwashi mimi, kwa kuwa sheria yao inataka Myahudi auwashe. Alijikokota kutoka kwenye kiti chake, akageuza kitufe yeye mwenyewe, kisha mimi nikapika. Nikienda kununua samaki nilibeba kisu chake na ubao wake, nimevifunga kwa taulo, kwa sababu kisu cha dukani kimekata kamba na kaa na nani ajuaye nini. Fikiria mimi, mwanamke mzima, ndani ya treni ya Metro na kisu cha jikoni mkobani, naomba Mungu polisi wasinisimamishe. Na minofu haikununuliwa hivi hivi imechunwa. Muuzaji aliacha kipande cha ngozi upana wa vidole viwili juu ya kila mnofu, ili mwenye nyumba aone ngozi yenyewe na magamba yake. Bi Hana macho yalikuwa yameshamwishia nguvu, kwa hiyo aliona kwa ukucha wa kidole gumba. Alikwangua ile ngozi. Gamba likibanduka na ngozi ikabaki nzima, anasema, "Nzuri," naanza kupika.

Samaki nilimnunua kwa Kalala, yule Mkongo wa duka la samaki hapa Bladensburg. Alinibatiza Maman Kisu. Nikiingia tu, anapaza sauti mbele ya wateja wote: "Mujikinge, Maman Kisu amefika." Alhamisi moja nikaingia nikitaka flounder kama kawaida, maana Dina, binti wa Bi Hana, alikuwa anakuja Ijumaa na mumewe na watoto.

"Maman, ile samaki yako ya kulala leo haiko."

"Nami nina wageni. Nitafanyaje, Kalala?"

"Ngoja. Iko ndugu yake. Ya Espagne, Maman. Kama haukupenda, unirudishie."

Akanionyesha huyo samaki wake wa Hispania. Bapa kama sinia, mzito, mzuri. Turbot. Lakini ngozi yake haikuwa na magamba ya kawaida. Ilikuwa na vinundu vya mfupa, vimetawanyika kama chunjua. Nikachukua kisu cha Bi Hana, nikajaribu kubandua kinundu kimoja. Kilitoka na ngozi yake, kikaacha tundu.

Nililiona lile tundu, mwanangu. Nataka ujue hivyo. Nilisimama pale na kisu, na badala ya kusema "sijui, ngoja nimpigie simu," yule binti wa hadubini akaamka. Nikajiambia: hivi vinundu ni magamba yaliyogeuka mfupa. Na kisayansi ndivyo, kitabu chochote kitakwambia. Samaki ana magamba. Ana mapezi. Ni ndugu ya flounder. Kata, Kalala.

Nyumbani Bi Hana akapitisha kidole. Akasita.

"Mwalimu, hiki ni nini? Kigumu hivi?"

"Ni magamba. Huyu ni aina kubwa, magamba yake ni ya mfupa."

"Una hakika?"

"Bi Hana, hili nililisomea chuo kikuu."

Akarudisha mnofu kwenye ubao. Kisha akasema, "Basi mimi ni nani nibishane na chuo kikuu," akajikokota, akawasha moto. Nilimwoka kwa limau na vitunguu katika lile bakuli lake jeupe la kauri lenye ukingo wa samawati, unalikumbuka, lile tulilokatazwa kuligusa wewe na mimi mpaka mwaka wa pili. Ijumaa ile mezani watu walisifu mpaka nikaona aibu. Mume wa Dina aliongeza mara tatu. Bi Hana akawaambia, "Huyu Mwalimu wangu ameleta samaki ambaye sijamla maisha yangu yote." Alikuwa anasema kweli kuliko alivyojua.

Nilimpika tena mara tano au sita mwaka ule. Kisha siku moja Dina alikuwa jikoni, anazungumza na mumewe kwa simu habari za karamu ya mtu fulani, nami naosha vikombe. Nikamsikia akisema, kama mtu anayetaja jambo linalojulikana na kila mtoto, "Hapana, turbot haturuhusiwi, gamba lake halibanduki bila kurarua ngozi." Akakata simu, akaniomba chai.

Nikamtengenezea chai.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Kikombe kilikuwa mkononi mwangu, Dina yuko hatua mbili, mama yake yuko sebuleni. Ingekuwa aibu ya nusu saa. Wangeuliza watu wao, vyombo vingesafishwa vya kusafishwa na kutupwa vya kutupwa, pengine ningeondolewa jikoni, pengine hapana. Badala yake niliacha tu kumnunua. Bi Hana alipouliza yule samaki wake yuko wapi, nilisema Kalala haleti tena. Nikamsingizia Kalala, ambaye kila Alhamisi alikuwa ananiuliza, "Maman, ndugu ya samaki ya kulala, haumutaki tena? Alikukosea nini?"

Nilijiambia nimeacha, basi yamekwisha. Hii ndiyo akili yangu yenye shahada.

Sasa sehemu ngumu. Nimeinuka nikanywa maji kabla ya kuiandika.

Majira ya mwisho ya Bi Hana unayakumbuka kwa nje. Ulikuwa chuoni, ulikuja mara mbili. Alikuwa ameacha kula. Karibu wiki nzima anakunywa vijiko viwili vya supu, anafunga mdomo. Dina analia kwenye korido. Alhamisi moja Bi Hana akanishika mkono, akasema, "Mwalimu, yule samaki. Mwambie huyo mtu wako alete." Nilimwokea flounder, kwa limau lile lile, vitunguu vile vile. Akaonja, akaweka uma chini. "Siye huyu." Hakugusa tena.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa Kalala na kisu kwenye taulo, nikanunua turbot, nikijua. Usiniruhusu nijifiche hapa. Mara ya kwanza nilikosea kwa kiburi. Mara hii sikukosea, nilijua neno kwa neno. Nilisema moyoni ni huruma. Mtu anakufa, mpe anachotaka. Na ilikuwa huruma, sikatai. Lakini kulikuwa na njia nyingine ya huruma: ningemwambia, "Bi Hana, yule samaki hakuruhusiwa, nilikosea, ukimtaka nitakupikia, amua wewe." Angeamua. Alikuwa na akili zake zote. Pengine, kwa mgonjwa wa aina yake, wakubwa wao wa dini wangekuwa na neno. Sijui. Sikuuliza. Sikuuliza kwa sababu kumwambia habari ya leo ilikuwa kumwambia habari ya jana. Nililinda jina langu kwa mdomo wa mtu anayekufa.

Hakuwa na nguvu ya kukwangua ngozi. Hata moto siku ile niliuleta mkono wake kwenye kitufe, nikakigeuza mimi nimeushika. Nilipomwekea sahani aliniuliza, "Magamba umeyaona?"

Nikasema, "Ndiyo."

Akasema maneno yake ya shukrani, akala nusu sahani. Siku kumi na moja baadaye alifariki.

Walipokaa matanga yao, Dina alinishika bega mbele ya watu waliojaa nyumba, akawaambia, "Huyu ndiye aliyempatia mama chakula chake cha mwisho alichokula kwa raha." Watu walikuja kunishika mkono mmoja mmoja. Nami nikapokea mikono yote. Na walipogawana vitu, ndugu zake wakachukua fedha na picha, Dina akachukua lile bakuli la kauri. Alisema hataki kingine, kwa sababu mama yake alikula vizuri mara ya mwisho kutoka humo. Ana miaka minne analitumia kila Ijumaa.

Umeelewa sasa kwa nini Jumanne nilikaa msalani. Miaka minne nilidhani nina dhambi moja iliyozikwa pamoja na Bi Hana, ya kwangu na ya Mungu, nitaulizwa nikifika. Wewe na kitabu chako mkaniambia hapana, mama, ile dhambi ina ukingo wa samawati, na kila Ijumaa inawekwa mezani mbele ya watoto wa Dina.

Na usiniambie kwamba ni samaki tu. Wewe hasa usiniambie. Unakumbuka harusi ya Falls Church, yule rafiki yangu aliyepika maharagwe kwa mafuta ya nguruwe akaninyamazia, nami nikamaliza sahani? Sikusema naye miaka mitatu. Uliniambia, "Mum, it's just beans." Nikakufokea ndani ya gari njia nzima ya Route 50, nikasema mtu anayekulisha usichokijua amekunyang'anya mkono wako mwenyewe. Hayo maneno yalikuwa yangu. Wakati nayasema nilikuwa nimeshamlisha Bi Hana mara tano au sita. Nilihubiri huku nimeketi juu ya kosa kama kuku juu ya yai.

Sasa nikueleze nilichokifanya leo, maana kinakuhusu, na nimekifanya bila kukuuliza. Unaweza kukasirika. Ningekuwa wewe ningekasirika.

Kazi yako hii ulipewa kwa barua ya Dina. Umeisoma, na ulinisomea mimi kwa fahari. Aliandika kwamba anakujua tangu ukiwa msichana, na kwamba umelelewa na mwanamke ambaye familia yao ilimwamini na jiko la mama yao. Mstari huo ndio uliokupa kazi. Cheti chako wanacho wengi.

Siku tano hizi, tangu Jumanne hadi leo Jumapili, nimekuwa nikipima. Nikinyamaza, wewe unakwenda zako kwa amani, na Dina anaendelea kuokea chakula kwenye bakuli lile mpaka mimi nife na baada ya hapo. Nikisema, nakukata miguu usiku wa kuamkia safari. Nilifikiri ningoje uanze kazi kwanza, upite miezi mitatu ya majaribio. Kisha nikajisikia nikifikiri hivyo, na nikaitambua sauti. Ni ile ile ya kikombe cha chai. Na daktari hakunipa miezi mitatu ya kuchezea.

Ulipotoka asubuhi nilimpigia Dina.

Alianza kwa kuniuliza dawa zangu. Nikamkatiza, nikamweleza yote, kuanzia Kalala mpaka "ndiyo" ile ya mwisho. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi nisije nikaruka kitu. Nilipomaliza nikaiweka karatasi mezani.

"Ulipika kwenye chombo gani?" akasema.

"Bakuli jeupe. Mara zote. Na kikaango cha chuma mara moja."

"Mara zote."

"Mara zote."

Nikasikia akivuta kiti. Akasema, "Hilo bakuli mama alipewa siku ya harusi yake." Nikasema najua. Akasema, "Acha nikwambie kitu, Nyaboke." Miaka yote ameniita Mwalimu kama mama yake, leo aliniita jina. "Samaki, watu hukosea samaki. Hata sisi tunakosea, tunauliza, tunaambiwa la kufanya. Sina hasira ya samaki. Mama alikuuliza."

Nikasema, "Ndiyo, aliniuliza."

Akasema lazima aongee na rabi wao, na akakata simu bila kuaga. Nikaona ni haki yake. Ndipo nikachukua kalamu kuanza barua hii.

Niliacha kuandika kwa muda. Dina amepiga tena. Nitakuandikia kama alivyosema, nisiongeze wala kupunguza.

Rabi amesema kikaango kitachemshwa kwa utaratibu wao. Bakuli hawatalitumia tena. Alisema amelifunga kwa gazeti, ameliweka kwenye gereji, hajaweza kulitupa. Aliniambia hilo kwa sauti ya kawaida, na ningependa angenitukana. Kisha akasema, "Niliandika barua kuhusu mtoto wako. Niliandika jambo ambalo si kweli, bila kujua. Siwezi kuliacha hivyo." Nikamwambia asiliache. Ameshawapigia Chicago. Amewaambia kwamba kuhusu mama barua yake ilikosea, na kwamba kuhusu binti anasimamia kila neno.

Nilimuuliza wamesema nini. Hawakusema ndiyo wala hapana. Msimamizi wa jiko lao, mtu wa dini, amesema tiketi imeshakatwa, aje, lakini kabla hajaingia jikoni anataka kuzungumza naye, wao wawili.

Basi kesho kutwa hutaonyeshwa dawati lako kwanza. Utakalishwa mbele ya mtu huyo. Nimekufanyia mimi hivyo, na kwa miaka minne nilikuwa na nafasi ya kuungama bila kukugusa.

Sina busara ya kukufungia kwenye leso. Nina jambo moja ambalo nimelipata kwa bei mbaya: mtu akikuuliza juu ya meza yake, hajali umesoma wapi. Anauliza kwa sababu haoni, na wewe unaona. Kama hujui, sema hujui. Utaonekana mjinga kwa dakika tano. Mimi nilikataa zile dakika tano. Vitabu vyako nimevilipia kwa mikono hii na sijutii, ila usivitumie kumnyamazisha mtu mwenye swali.

Ukirudi saa mbili utaikuta barua hii juu ya nguo ambazo hujazifunga. Isome chumbani kwako. Usije kunikumbatia, na usiniambie kwamba nilikuwa nimechoka, kwamba nilikuwa na watoto wa kulea, kwamba Bi Hana angenisamehe. Bi Hana angenifukuza kazi, na Jumapili angepiga simu kuuliza kama nimekula. Hilo lilikuwa lake kuamua, nami nikamnyima.

Kwa mtu yule wa Chicago, usiende na hotuba. Usinitetee. Una tabia ya kunitetea, uliirithi kwa baba yako, alinitetea hata nilipokuwa na makosa wazi mbele ya ukoo mzima. Akikuuliza mama yako alifanya nini, mwambie, "Mama yangu alijua, akaulizwa, akasema ndiyo." Kisha nyamaza, akuulize kuhusu wewe.

Mama yako,
Nyaboke